Mahari Yako na Amana za Bibi Zetu: Chuo, Kungwi na Wakfu wa Unguja



Msimu wa harusi umeingia tena hapa kisiwani. Kila wiki kuna mwaliko, na kila baraza la wanawake ukikaa utasikia mazungumzo yale yale: ukumbi upi, mpambaji nani, hina ya kawaida au piko, sare ya rangi gani. Hakuna ubaya wowote. Furaha ya halali ni neema, na bi harusi ana haki ya kupambwa akapendeza. Lakini kuna swali silisikii likiulizwa. Viti vikisharudishwa na maua yakishakauka, bi harusi anabaki na nani, na anabaki na nini?

Bibi zetu wa Unguja walikuwa na jibu. Mtoto wa kike hakuachwa mikononi mwa mama yake peke yake. Alisomeshwa chuoni, akakabidhiwa kwa kungwi siku za ndoa, na ukoo au mtaa wake ulikuwa na mali ya wakfu iliyowapa hifadhi wasio na kitu. Kila kimoja kati ya hivyo kilianza kwa mtu kutoa: mmoja alitoa muda wake, mwingine elimu yake, mwingine nyumba yake. Leo nataka tuviangalie kimoja kimoja, vilivyokuwa na vilivyobadilika, kwa sababu naamini bi harusi wa leo ana nafasi ya kuviendeleza kuliko anavyodhani.

Chuoni

Kwetu kisiwani, kabla ya mtoto kuijua skuli alikuwa ameshakijua chuo. Chuo kilikuwa mkeka sebuleni au barazani kwa mwalimu, watoto wamekaa duara, kila mmoja na ubao au juzuu yake, sauti zote zinapanda kwa pamoja. Walimu wengi wa watoto wa kike walikuwa wanawake wenyewe, wake wa majirani. Hawakuwa na mshahara wa kutajika. Walipata ada ndogo kutoka kwa wazee, na mtoto akihitimu palikuwa na hidaya na chakula. Huku mwalimu anasonga ugali, huku anamrekebisha mtoto aliyekosea herufi akiwa mbali.

Mji wetu pia ulikuwa na vyuo vikubwa vya wanazuoni. Kina Sheikh Abdallah Bakathir na Sayyid Ahmad bin Sumait, ambao wote walifariki mwaka 1925, waliifanya Unguja iwe mahali ambapo wanafunzi kutoka mwambao mzima walikuja kutafuta elimu. Elimu ile haikuishia misikitini. Iliingia majumbani kupitia mabinti, wake na dada wa wanazuoni, nao wakawafundisha wanawake wenzao masuala ya tohara, hedhi, saumu na haki za mke na mume.

Tusipake rangi yaliyopita, lakini. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan aliyezaliwa mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi watoto wa kasri la Mtoni walivyosomeshwa. Wasichana walifundishwa kusoma, ila kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, kwa kuziiga herufi za msahafu. Kama binti wa mfalme ilibidi ajifiche ili aweze kuandika, fikiria hali ya mtoto wa mkulima wa Makunduchi au Donge.

Ndiyo maana mwaka 1927 ni mwaka wa kuukumbuka. Mwaka huo ilifunguliwa skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana mjini Unguja. Wavulana walikuwa wameshatangulia kwa zaidi ya miaka 20. Wazazi wengi walikuwa na khofu: mtoto atatoka ndani, ataonwa, dini yake itapotea. Khofu hiyo haikuondolewa kwa nguvu. Iliondoka polepole, baada ya wazee kuona kuwa Kurani inasomeshwa, kwamba upishi na ushoni vimo, na kwamba walimu ni wanawake. Miongoni mwa mabinti wale ndimo walimotoka walimu wa kike waliokwenda kufundisha wenzao mjini na mashamba. Baada ya Mapinduzi, tarehe 23 Septemba 1964, elimu ikatangazwa kuwa bila malipo, na mlango ukafunguka kwa watoto wa wote.

Leo mabinti zetu wanasoma hadi chuo kikuu, alhamdulillah. Lakini tazama yule mwalimu wa chuo cha mtaani. Yupo bado, mkeka bado anao, na watoto hawajapungua. Kilichopungua ni watu wa kumshika mkono. Mzazi anayelipa ada ya masomo ya ziada bila kunung'unika ndiye anayedaiwa ada ya madrasa miezi mitatu.

Kungwi

Tukitaja kungwi siku hizi, vijana wanacheka. Wanadhani ni mtu wa mambo ya chumbani tu. Wanaojua wanajua kwamba kazi yake ilikuwa pana zaidi.

Kungwi, au somo kama wengine wanavyomwita, alikuwa mwanamke mtu mzima aliyeaminiwa na familia. Aghalabu hakuwa mama mzazi, kwa sababu kuna mambo binti anaona haya kumuuliza mama yake, na kuna mambo mama anaona haya kuyasema. Kungwi alianza kumlea binti tangu alipobaleghe: namna ya kujitahirisha, kujitunza, kujisitiri. Ikikaribia harusi ndiye aliyesimamia singo ya liwa, asumini na marashi mawaridi, hina na mafusho ya udi. Na ilipofika fungate, zile siku saba za mwanzo, kungwi alikuwa karibu. Aliangalia bi harusi amekula nini, ameamka vipi, ana furaha au ana machozi.

Hapo ndipo penye maana kubwa. Kungwi alikuwa shahidi. Bwana harusi alijua kwamba mke wake ana mtu mzima nyuma yake, mwenye heshima, ambaye akiona mambo yamekwenda kombo atakwenda kuzungumza na wazee bila kupayuka mitaani. Mke naye alijua kwamba akikosea ataelekezwa na mtu asiyemchukia. Uhusiano huo haukuisha siku ya saba. Kungwi alikuja wakati wa uzazi, alikuja wakati wa msiba, na aliitwa nyumba ilipotaka kuvunjika.

Nako kulikuwa na mapungufu. Mabinti wengine waliozwa wangali wadogo, na kungwi akawafunda kuvumilia yasiyovumilika. Wengine walifundishwa kunyamaza hata wanapodhulumiwa, na subira ikafanywa kisingizio. Dini yetu haikusema hivyo. Mwanamke ana haki ya kusema, ana haki ya kwenda kwa kadhi, na ana haki ya kuomba talaka panapokuwa na dhara. Hapa Zanzibar mahkama za kadhi zinatambuliwa na sheria ya nchi. Sheria ya mwaka 1985 ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi, na mwaka 2017 ikatungwa mpya. Kungwi mzuri alikujua kwa kadhi na aliujua mlango wake.

Siku hizi kazi ya kungwi imegawanywa vipande vipande. Singo yuko mtu wake, hina yuko mtu wake, mavazi yuko mtu wake, na mafunzo yako kwenye simu, au kwenye semina ya saa mbili yenye watu 60. Wote hawa ni watu wa kazi zao, na wengi wanajitafutia riziki ya halali. Lakini wote huondoka usiku ule ule. Hakuna anayerudi mwezi wa tatu kuuliza: mwanangu, umzima? Fungate lenyewe limekuwa safari ya hoteli, na bi harusi anarudi kwenye nyumba ya kupanga mtaa ambao hamjui mtu.

Simwambii mtu asiende hoteli. Ninachosema ni kwamba hata ukiwa na wapambaji wazuri kisiwa kizima, bado unahitaji mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye dini, siri na busara, atakayekubali kuwa somo lako. Muombe mapema, tena umuombe kwa adabu. Umwambie wazi: nataka uniulizie hali yangu hata baada ya harusi.

Wakfu

Sasa tuje kwenye lile tunalolizungumza kidogo kuliko yote, na ndilo lililobeba mengine.

Wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameifunga kwa ajili ya Allah. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Mali yenyewe inabaki pale pale, na faida yake ndiyo inayotumika kwa aliowataja. Asili yake inajulikana. Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alipata ardhi nzuri Khaybar, akamuuliza Mtume swalla Allahu alayhi wasallam aifanyeje, naye akamshauri aizuie ile ardhi na atoe sadaka mazao yake. Linalosahauliwa ni kwamba Umar alimuusia binti yake, Bibi Hafsa, awe msimamizi wa wakfu ule. Mama wa Waumini huyo ndiye pia aliyehifadhi kurasa za Kurani zilizokusanywa. Kwa hiyo tangu mwanzo, mwanamke alikabidhiwa amana kubwa na akaitunza.

Kwetu Unguja wanawake walimiliki mali kwa jina lao. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, mabinti zake nao walirithi kwa mujibu wa sharia, na Sayyida Salme anaeleza kuwa naye alipata shamba na fedha. Ukienda upande wa Bungi utaona miembe mikubwa iliyopandwa kandokando ya barabara, na mpaka leo inaitwa kwa jina la Bi Khole, dada yake. Nao wanawake wasiokuwa wa kasri walikuwa na nyumba, minazi na mikarafuu. Wengi waliweka sehemu ya mali zao wakfu: nyumba ya kukaa wasiojiweza, duka ambalo kodi yake inanunua mafuta ya taa za msikiti, minazi ya kugharamia hitima, chumba cha mtu wa ukoo aliyeachika asikose pa kulala.

Ukweli mmoja usifichwe. Sehemu kubwa ya utajiri ule ilitoka kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa. Hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa katika hukumu hiyo mpaka mwaka 1909. Wapo mabwana na mabibi walioandika wakfu kwa faida ya wale waliowaacha huru, wapate pa kukaa wao na vizazi vyao. Hilo halifuti dhulma iliyotangulia. Linatuonesha tu kwamba wakfu ulikuwa mahali ambapo hata mtu asiyekuwa na ukoo mjini aliweza kupata paa. Na Ng'ambo, upande wa pili wa mji, wanawake waliokuwa wametoka utumwani ndio miongoni mwa waliojenga nyumba zao za udongo na makuti wakazimiliki wenyewe.

Kisha mambo yakaanza kubadilika. Baada ya nchi kuwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, usimamizi wa wakfu ulihamishwa taratibu kutoka mikononi mwa familia, wasimamizi na makadhi kwenda ofisini. Mwaka 1905 ilipitishwa sheria iliyounda Kamisheni ya Wakfu. Faida yake ilikuwepo: mali ziliandikwa, na wasimamizi wasio waaminifu wakaanza kuulizwa. Hasara yake ni kwamba watu walianza kuona wakfu ni jambo la serikali wala si lao tena. Ardhi ambayo watu wa Ng'ambo walizoea kukaa bila kutozwa, au kwa kitu kidogo sana, ikaanza kudaiwa kodi ya nguvu. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Hawakuwa wakorofi. Walikuwa na nyumba zao, na hawakukubali kuambiwa kwamba pale walipojenga si pao.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalileta badiliko jengine. Nyumba na mashamba mengi yalichukuliwa na serikali, familia nyingi zikaondoka kwenda Oman, Dubai, Uingereza na kwengineko, na hati zikatawanyika nazo. Kamisheni ilibaki, na leo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inafanya kazi kwa sheria ya mwaka 2007. Ndiyo inayosimamia nyumba nyingi za wakfu za Mji Mkongwe, pamoja na mirathi na zaka.

Pita sasa katika vichochoro vya Mji Mkongwe uzitazame nyumba hizo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni za boriti za mikoko. Nyumba za namna hii zinadumu mamia ya miaka kwa sharti moja: maji yasiingie. Paa likivuja msimu mmoja wa masika bila kuzibwa, chokaa inalegea, boriti zinaoza ncha zake, ukuta unaanza kuvimba, na mwisho nyumba inakaa chini. Tumeona hata Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, likiporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Kama jengo kubwa namna ile lilishindwa, nyumba ya wakfu ya ghorofa mbili ambayo wapangaji wake wanalipa kodi ndogo itatengenezwa kwa fedha gani? Mpangaji anasema nyumba si yake. Warithi wa aliyeweka wakfu wako ng'ambo ya bahari. Ofisi ina nyumba nyingi na fungu dogo. Hivyo sadaka ya bibi wa watu, aliyoitaka impe thawabu mpaka Siku ya Kiyama, inakuwa kifusi huku sote tunaitazama.

Bi harusi anaingiaje hapa?

Anaingia kwa mlango wa mahari.

Kwa wengi wetu, mahari ndiyo mali ya kwanza kubwa ya jina letu. Kurani katika Suratun Nisaa, aya ya 4, imeamrisha wanawake wapewe mahari yao. Ni haki ya mke mwenyewe. Si ya baba, si ya mjomba, na si ya kulipia ukumbi. Vilemba, mkaja wa mama na hidaya nyingine ni mila zetu, nazo zina nafasi yake, lakini zisichanganywe na mahari. Bibi zetu waliifahamu tofauti hii vizuri sana. Yule aliyeweka nyumba wakfu hakuzaliwa na nyumba. Alianza na kidani, akakiweka, akakiuza kwa wakati wake, akanunua minazi michache, akaendelea.

Kwa hiyo nina mambo manne ninayokuomba, bi harusi wangu, na wewe mama wa bi harusi pia.

La kwanza, mahari yaandikwe. Kiasi chake, kilicholipwa na kilichobaki, kionekane kwenye cheti cha ndoa, na nakala uiweke wewe mwenyewe. Wanawake wengi wanafika kwa kadhi hawana hata karatasi moja.

La pili, uwaulize wazee wako, hasa bibi zako wakiwa hai: ukoo wetu una wakfu wowote? Uko wapi? Nani aliuweka na kwa sharti gani? Andika majibu. Kama kuna hati za zamani za herufi za Kiarabu zimefungwa kitambaa kabatini, msizitupe mnaposafisha nyumba kwa ajili ya harusi. Mpelekee anayejua kuzisoma, kisha muulize kwenye Kamisheni.

La tatu, toa kidogo kiendelee. Wakfu hauhitaji utajiri. Msahafu wa chuoni ni wakfu, tangi la maji la madrasa ni wakfu, na mche wa mnazi uliopandwa kwa nia hiyo ni wakfu. Mashoga kumi wanaocheza upatu wanaweza kukubaliana kwamba mzunguko mmoja kwa mwaka uwe wa kuziba paa la chuo walichosomea. Mkitaka kufunga ardhi au nyumba, muulizeni sheikh na muandikishe kisheria, isije ikazua ugomvi baada yenu.

La nne, umtafute somo lako, na umkumbuke mwalimu wako wa chuo. Orodha ya wageni ikifika watu 400 na mwalimu aliyekufundisha Alhamdu hayumo, orodha hiyo ina kasoro.

Nyakati zimebadilika, na mengi yamebadilika kwa kheri. Binti wa leo anaandika bila kujificha. Ana kazi, ana akaunti ya benki, anajua haki zake. Bibi zetu hawakuwa na nusu ya hayo, na bado walituachia vyuo, nyumba na watu wa kutusimamia. Tusiwe kizazi kilichopokea vyote, kikaacha picha za ukumbini tu.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotutangulia katika wema, ukubali sadaka zao zilizosimama na zilizoanguka, na utujaalie nasi tuwe miongoni mwa wanaoacha kitu cha kuwafaa wengine. Wabariki maharusi wetu, uwajaalie mapenzi, huruma na vizazi vyema. Amin.

Ukiwa na habari ya chuo, kungwi au wakfu wa mtaani kwenu, kaa na bibi yako wiki hii uiandike kabla haijapotea. Wabillahi tawfiq.